Bei ya Kiwanda na Bei ya Muuzaji

Gari la kasi la Marekani, yaani gari la barabarani lililotiwa injini yenye nguvu kupita mahitaji ya barabara yenyewe, huwa na bei mbili: ile inayotangazwa na kiwanda na ile inayotajwa na muuzaji mwenye gari mkononi. Tofauti ya bei hizo ni nyongeza ya muuzaji, ambayo inaweza kufikia makumi ya maelfu ya dola gari linapokuwa la toleo dogo, yaani linapoundwa kwa idadi iliyowekewa kikomo tangu mwanzo. Msomaji wa ukanda wa majani chai wa Kericho na Bomet anaweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya matajiri wa ng'ambo, kwa kuwa gari lililozoeleka kati ya Kiptere na Kericho mjini ni Toyota Probox, si Dodge wala Corvette. Hata hivyo, nguvu zinazoizaa nyongeza hiyo ndizo zinazopandisha bei ya Probox pia, na tofauti kubwa iliyopo ni kwamba Marekani nyongeza huonekana, ilhali Kenya humezwa ndani ya bei moja.

Kuonekana kwake kuna historia. Mwaka 1958 Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyopiganiwa na Seneta Mike Monroney wa Oklahoma, ambayo ililazimisha kila gari jipya libandikwe kwenye dirisha karatasi inayoonyesha bei iliyopendekezwa na kiwanda, gharama ya kila kifaa cha ziada na nauli ya kulifikisha gari kwa muuzaji. Muuzaji anayetaka zaidi hubandika karatasi ya pili kando ya ile ya kwanza, na ndani yake huorodhesha dawa ya kukinga rangi, mikeka ya sakafuni na vikorombwezo vingine, kisha chini kabisa huweka mstari mmoja usiotaja bidhaa wala huduma yoyote, ila nyongeza ya soko tu. Sheria haimzuii kufanya hivyo, maana bei ya kiwanda ni pendekezo, wala haikukusudiwa kuwa amri.

Kiwanda nacho hakina mkono mrefu wa kumfikia, kwa sababu muuzaji si mwajiriwa wake. Katika majimbo mengi ya Marekani sheria za uwakala humlinda mfanyabiashara wa eneo dhidi ya kampuni iliyompa jina lake, hivi kwamba kampuni kama Ford au General Motors haiwezi kujifungulia duka na kumuuzia mwananchi gari jipya moja kwa moja, wala kumpokonya wakala haki yake bila sababu nzito. Sheria hizo zilikusudiwa kumwokoa mtu aliyejenga duka na karakana kwa fedha zake asiangamizwe na kampuni kubwa kwa siku moja, na kwa shabaha hiyo zilifaa. Lakini zilimweka pia kwenye mlango pekee wa kupitia, na aliye mlangoni hutoza kwa kuutazama urefu wa foleni. Foleni hiyo ilirefuka mno mwaka 2021 na 2022, uhaba wa chipu za kielektroniki ulipopunguza magari mapya duniani kote, hata Ford na General Motors zikalazimika kuwaonya mawakala wao dhidi ya kuwakamua wateja. Silaha iliyobaki mikononi mwa kiwanda ilikuwa mgao, yaani uamuzi wa nani apelekewe magari mangapi.

Silaha hiyo ilikuwa imejaribiwa hadharani na Dodge ilipotoa Challenger SRT Demon ya mwaka 2018. Magari 3,300 tu yalipangwa kuundwa, 3,000 kwa Marekani na 300 kwa Kanada, kwa bei ya kiwanda iliyokuwa chini kidogo ya dola 85,000, na injini yake ya lita 6.2 ilitoa nguvu za farasi 840 ilipotiwa petroli ya mashindano. Lilikuwa gari la ajabu hata katika hesabu zake, kwani liliuzwa likiwa na kiti cha dereva peke yake, na kiti cha abiria kiliongezwa kwa dola moja. Kampuni iligawa magari hayo kwa kuangalia mauzo ya awali ya kila wakala, kisha ikatangaza kwamba oda zilizouzwa kwa bei ya kiwanda au chini yake zingeundwa kwanza, na zile zilizotiwa nyongeza zingesubiri nyuma. Mpango huo ulikuwa wa busara, ila haukuifuta nyongeza, kwa sababu mtu mwenye fedha nyingi na haraka ndogo yuko radhi kulipa zaidi hata akiambiwa asubiri.

Ingekuwa rahisi kuhitimisha kwamba uchache ndio unaozaa bei, na ndivyo wauzaji wengi wapendavyo kusema, lakini historia ya magari hayo hayo inakanusha. Mwaka 1969 Chevrolet iliunda Camaro ZL1 69 tu, zenye injini ya alumini iliyogharimu zaidi ya dola 4,000, kiasi kilichoifanya bei ya gari izidi mara mbili. Wakala Fred Gibb wa La Harpe, Illinois, aliyeagiza 50 kati yake, alishtushwa na hesabu alizoletewa, akabaki na 13 na kurudisha 37, ambazo zilitawanywa kwa mawakala wengine. Mwaka uliofuata Plymouth ilitoa Superbird, gari lenye bawa refu nyuma lililoundwa ili kutimiza masharti ya mashindano ya NASCAR, na baadhi yake yalidorora madukani kwa miezi hadi wauzaji wakayang'oa bawa ili yafanane na magari ya kawaida. Leo magari hayo hupiganiwa minadani, lakini yalipokuwa mapya uchache wake haukumvuta mtu. Kinachozaa nyongeza ni uchache unaokutana na watu wanaotaka kitu hicho wakati huo huo, tena wasio na njia nyingine ya kukipata.

Wakulima wa Kericho na Bomet waliishuhudia kanuni hiyo kutoka upande wa pili. Mwezi Julai 2021 chai ya viwanda vya Shirika la Maendeleo ya Chai Kenya (KTDA), vinavyomilikiwa na wakulima wadogo, iliwekewa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo katika mnada wa Mombasa, na katika miaka iliyofuata shehena kubwa zilibaki maghalani bila mnunuzi. Mzalishaji anaweza kutaja bei, iwe ya juu au ya chini, ila hawezi kumwamrisha anayenunua. Na kama vile viwanda vya magari vya Marekani vilivyoshindwa kuizuia bei isipande juu ya pendekezo lao, ndivyo bei ya Mombasa ilivyoshindwa kushikiliwa kwa tangazo.

Huko Marekani, Ford ilijaribu njia nyingine ya kuizuia nyongeza kwa gari lake la GT, ambalo awali lilipangwa kuundwa 500 tu katika miaka miwili ya kwanza na likapata maombi zaidi ya 6,500. Wanunuzi walichaguliwa kwa maombi ya maandishi, na waliofaulu wakatia saini ya kutoliuza gari kabla ya miezi 24. Mwigizaji na mwanamieleka John Cena alipoliuza lake mapema, Ford ilimshtaki mwaka 2017, na kesi ikamalizwa kwa maafikiano mwaka uliofuata. Hapo kiwanda kilikiri kwa vitendo kwamba anayeweza kuvuna nyongeza si wakala peke yake, bali hata mnunuzi wa kwanza.

Nchini Kenya, ambako neno V8, yaani injini ya silinda nane, humfanya mtu afikirie gari la mheshimiwa kabla ya gari la mashindano, mlango ni mwembamba zaidi, na umejengwa na serikali. Magari yenye usukani wa kushoto hayasajiliwi kwa matumizi ya kawaida, jambo linaloiondoa Challenger moja kwa moja, kwa kuwa kiwandani haikuwahi kuundwa na usukani wa kulia. Mustang ilianza kutoka kiwandani na usukani huo mwaka 2015 tu, na Corvette ikasubiri hadi kizazi chake cha nane. Juu ya hayo kuna kanuni ya Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS), inayokataza gari lililozidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kuanzia Januari 2025 gari lililosajiliwa kabla ya 2018 halikupokelewa bandarini.

Baada ya hapo huja ushuru. Mamlaka ya Ushuru (KRA) haianzii kwenye bei aliyolipa mwagizaji, bali kwenye orodha yake ya bei za magari yakiwa mapya, kisha hupunguza kadiri ya umri wa gari na kurudi nyuma hadi kwenye thamani ya forodha. Kwa viwango vya mwaka 2025, gari la petroli lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 3,000 na thamani ya forodha ya shilingi 1,000,000 hulipiwa ushuru wa forodha wa asilimia 35, yaani 350,000. Kisha huongezwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 35 juu ya jumla ya thamani na ushuru huo, yaani 472,500. Hufuata kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya asilimia 16 juu ya yote hayo, yaani 291,600. Mwisho huja ada ya uagizaji na tozo ya reli, zinazofikia 45,000. Jumla ni shilingi 1,159,100, kiasi kinachozidi thamani ya gari lenyewe. Probox ya injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, ikiwa na thamani hiyo hiyo, hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, na jumla yake hushuka hadi 924,200.

Mnunuzi wa Kiptere anayefika yadi, baada ya bonasi ya chai au baada ya mkopo wa Sacco, haoni mgawanyo huo. Huambiwa bei moja, ambamo bei ya mnada wa Japani, nauli ya meli, kodi za serikali, kodi ya yadi, ujira wa dalali na faida ya mwagizaji vimechanganywa pamoja, wala hakuna karatasi ya dirishani ya kuvitenganisha. Kwa Probox anaweza kujitengenezea karatasi hiyo mwenyewe: adai kuonyeshwa fomu ya mnada, ambayo hueleza daraja la gari na kama liliwahi kugongwa, adai pia hati za malipo ya forodha, kisha alinganishe na yadi tatu nyingine, maana magari ya aina hiyo ni mengi na washindani ni wengi. Anayetamani Mustang ya usukani wa kulia hana njia hiyo, kwa sababu magari ya kulinganisha ni haba mno, na mwenye gari ndiye huyo huyo anayesema gari lina thamani gani.