Kitabu Kilichoifungua Santuri ya Bibi

Msomaji mpenzi, viko vitabu tunavyovisoma ili tufaulu mitihani, na viko vingine tunavyovisoma ili kupitisha muda tu. Lakini vipo pia vitabu vya namna ya tatu, ambavyo ukivifungua unakuta vinazungumza juu ya nyumba yenu wenyewe, ingawa aliyeviandika hakupata kuijua. Kitabu cha namna hiyo husomwi peke yako, bali husomwa pamoja na wazazi, na hata pamoja na wale waliokwisha tangulia mbele ya haki.

Jambo hilo nilijifunza Ilembo, katika mji wa Mpanda, nilipokwenda likizo kumjulia hali baba yangu. Mzee wangu sasa ana umri wa miaka 78 na macho yake yamepungua nguvu. Katika mzigo wangu nilikuwa na kitabu chembamba, “Wasifu wa Siti binti Saad”, kilichoandikwa na Shaaban Robert. Nilikuwa nimekisoma zamani kama mwanafunzi anavyosoma: nani alizaliwa wapi, lini, akafanya nini. Nilikichukua kwa sababu tu kilikuwa chepesi kubeba.

Jioni moja, baada ya chakula, binti wa kaka yangu aliyeko darasa la sita alikiona akaanza kukisoma kwa sauti. Alimsomea babu yake habari za mtoto aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, katika ukoo wenye asili ya utumwa. Mtoto asiyepata elimu ya shule, ambaye kazi ya mikono yake ilikuwa kufinyanga na kuuza vyungu. Akasoma jinsi mwanamke huyo alivyohamia mjini, akajifunza kuimba pamoja na wapiga ala, na hatimaye mwaka 1928 akasafiri kwa meli mpaka Bombay, India, kwenda kutiwa sauti yake katika santuri.

Hapo baba aliinua mkono. “Simama kwanza, mjukuu wangu,” alisema. “Santuri hizo zilikuwamo nyumbani mwetu.”

Katika miaka yangu yote sikuwa nimepata kusikia habari hiyo. Nilichokuwa nikikijua ni kwamba babu alitoka Tanga akaja Mpanda kufanya kazi ya reli, wakati tawi la kutoka Kaliua lilipojengwa, lenye urefu wa kilometa 210 hivi, kwa ajili ya machimbo ya risasi. Nilikuwa sijui kwamba bibi, alipomfuata mumewe katika nchi hii ya bara asikokuwa na ndugu wala jamaa, alikuja na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono na santuri nne alizozifunga ndani ya kanga. Santuri hizo zilikuwa na picha ya mbwa anayesikiliza. Jioni akimaliza kazi, bibi alizungusha mpini, akaweka sindano, akakaa kimya. Huo ndio uliokuwa mji wake wa Tanga uliobaki.

Kisha baba akatueleza jambo alilokuwa amelificha kwa muda unaokaribia miaka 70. Akiwa mtoto wa miaka tisa, alizichukua santuri hizo kuwaonyesha wenzake uwanjani. Santuri za zamani hizo zilikuwa zikivunjika kama sahani ya kaure. Moja ilianguka juu ya jiwe ikapasuka vipande vitatu. Bibi hakumpiga wala hakumkaripia. Aliviokota vipande, akavifunga katika kanga ileile, na tangu siku hiyo gramafoni haikulia tena nyumbani mwao.

“Sikumwomba radhi,” baba alisema. “Kila nilipotaka kusema, niliona ni afadhali kesho. Mpaka akafariki.”

Hakuna aliyesema neno. Baadaye, kwa kutaka kumfariji, nilitafuta katika simu wimbo mmoja wa Siti, kwani nyimbo zake kadhaa zimehifadhiwa na hupatikana. Baba alisikiliza mpaka mwisho. “Sauti ndiyo,” alisema, “lakini chumba sicho.” Akamwomba mjukuu wake aendelee kusoma.

Nimelifikiri sana jambo hilo. Kwa nini kitabu kiliweza kufungua kinywa ambacho wimbo wenyewe haukukifungua? Naona sababu ni hii: upande mmoja wa santuri zile ulidumu dakika tatu hivi, ukapita zako. Kitabu hakina haraka. Husimama pale msomaji anaposimama, kikangoja mtu aseme lake, kisha kikaendelea. Hakina sauti ya kuimba, na kwa hiyo humlazimu msomaji kuleta sauti yake mwenyewe kutoka moyoni. Baba hakukumbuka nyimbo za Siti tu. Alimkumbuka mama aliyekuwa akizisikiliza.

Shaaban Robert mwenyewe alionana na Siti kabla bibi huyo hajafariki mwaka 1950, akamsikiliza na kuyaandika. Lau angeahirisha, sehemu kubwa ya maisha yale ingezikwa Unguja pamoja na mwenyewe. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Santuri ya bibi ilivunjika; daftari la Shaaban Robert lilibaki, na ndilo lililotufikia huku Ilembo.

Ndugu msomaji, huenda kwenu hakukuwa na santuri ya Siti. Huenda mzee wako alikuwa kijana katika enzi za Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kwa ajali ya gari mwaka 1979, au alicheza dansi kwa magitaa ya Tabora Jazz. Tafuta kitabu kinachogusa enzi zake, umsomee jioni, au umpe mtoto amsomee. Akiinua mkono kusema jambo, funga kitabu, umsikilize. Ukiweza, chukua kalamu uandike.

Siku niliyoondoka, baba alinisindikiza mpaka mlangoni na kuniomba nikiache kitabu kile. Nilimkumbusha kwamba hawezi kukisoma. “Najua, mwanangu,” alijibu. “Nitakifunga katika kanga.”