KUPOZA NYUMBA KONGWE: JAMBO GANI LITANGULIE WAKATI WA MATENGENEZO?

Kila unapowadia msimu wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, joto huzidi katika nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, na wanaozifanyia matengenezo huulizana ni chombo gani cha kupozea kinachofaa kununuliwa. Swali hilo ni la haki, lakini aghalabu huulizwa mwanzo ilhali mahali pake ni mwisho. Maelezo haya yanamhusu mwenye nyumba, mpangaji na mtumishi mwenye dhamana ya ofisi iliyomo katika jengo la zamani.

Namna nyumba inavyojipoza

Kuta za nyumba hizo zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake hufikia nusu mita, pengine na zaidi. Ukuta wa namna hiyo huchukua saa nyingi kabla ya kupenywa na joto la jua. Vyumba ni vyembamba, kwa kuwa upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko; lakini dari ziko juu, na hewa ya moto hupanda ikamwacha aliyekaa chini katika nafuu. Madirisha marefu ya luva huzuia jua na kuruhusu upepo. Matundu yaliyo juu ya milango hupitisha hewa chumba hadi chumba, na ua wa ndani huitoa juu mfano wa dohani.

Kwa bahati mbaya, matengenezo mengi huharibu mpango huo. Luva hung'olewa na badala yake hutiwa vioo, matundu huzibwa, ua huezekwa mabati, kisha wakaazi hulalamikia joto ambalo wamejiletea wenyewe.

Chokaa na saruji

Jambo la pili ni lipu. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa unyevu kutoka ardhini na katika mvua za masika, kisha huutoa kidogo kidogo kupitia lipu ya chokaa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hukosa njia. Hubaki ndani, chumvi iliyomo hujikusanya na kuibandua lipu, na ncha za boriti zilizozama ukutani huanza kuoza pasipo mtu kuziona. Fundi mwashi anayesema kwamba saruji ina nguvu zaidi husema kweli kuhusu saruji, lakini hajausemea ukuta utakaoibeba. Aidha, kuta za nje zikipakwa chokaa nyeupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa jua.

Utaratibu wa kuchagua

Inafaa hatua zifuatwe kama ifuatavyo:

(a) Kwanza, paa lizibwe mahali panapovuja na mabomba ya maji yatengenezwe. Pakiwa na mabati, iachwe nafasi ya hewa kupita baina yake na dari, kwani mabati hushusha joto jingi ndani.

(b) Pili, luva zitengenezwe, matundu yafunguliwe na ua uachwe wazi. Kazi hii huhitaji seremala na fundi mwashi, wala haina gharama ya kila mwezi.

(c) Tatu, litiwe pangaboi. Pangaboi haishushi joto la chumba, bali hupeperusha hewa ili jasho likauke na mwili upoe. Kwa kawaida hutumia wati 60 hadi 75, ambapo kiyoyozi cha chumba kimoja huweza kutumia wati 1,000 au zaidi. Itundikwe kwenye ubao uliokingamishwa juu ya boriti nzima zisizopungua mbili, si kwenye lipu.

(d) Mwisho, pale ambapo dawa, nyaraka au mitambo huhitaji ubaridi wa kudumu, kitiwe kiyoyozi, tena katika chumba hicho tu. Nyaya za umeme zikaguliwe kwanza na fundi mwenye leseni. Sehemu ya nje isining'inizwe kwenye ukuta dhaifu, na maji yake yaelekezwe kwa mpira hadi kwenye mfereji. Matone yanayodondokea ukuta mchana na usiku ni sawa na paa linalovuja mwaka mzima.

Ikumbukwe pia kwamba kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, katikati ya kaskazi, Unguja ilikosa umeme kutoka Bara kwa muda wa miezi mitatu. Chumba kilichozibwa kwa ajili ya kiyoyozi hakikaliki umeme unapokatika. Chenye luva na matundu hukalika.

Ruhusa

Mji Mkongwe uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Mwenye kutaka kubadilisha madirisha, lipu, paa au sura ya nje ya jengo anawajibika kuomba kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla fundi hajaanza kazi. Mpangaji wa nyumba ya Serikali au ya wakfu apate kwanza idhini ya mwenye dhamana ya nyumba hiyo.

Tarehe 25 Disemba 2020, sehemu ya Beit al Ajaib, jengo lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Msiba huo unawakumbusha wote kwamba jengo kongwe halifanyiwi kazi kwa kubahatisha. Hivyo basi, kabla ya kwenda dukani kuulizia bei ya kiyoyozi, mwenye nyumba anashauriwa azunguke nyumba yake pamoja na fundi anayeijua chokaa, atazame paa, ncha za boriti, madirisha na mifereji, na aanzie pale palipoharibika.