Ozoni: Kutoka maua ya barafu hadi moshi wa Kawangware

KIBERA na Kawangware ni mitaa miwili ya Nairobi ambayo kati yake, pale Dagoretti Corner, pamejengwa makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya. Ni kutoka hapo ambapo, tangu miaka ya 1990, maputo ya kupima gesi ya ozoni yamerushwa angani.

Gesi hiyo hiyo hutoweka karibu kabisa katika hewa ya chini ya Aktiki, kwenye ncha ya kaskazini ya dunia, mara kwa mara jua linaporejea baada ya miezi ya giza. Kisa chake kilianza kuhusishwa na maua.

Bahari inapoganda na hewa ikawa baridi mno kuliko barafu changa, mvuke unaotoka kwenye barafu hiyo hugeuka fuwele zenye umbo la maua, za urefu wa sentimita chache. Fuwele hizo hufyonza maji ya chumvi yaliyokamuliwa juu ya barafu, kama vile utambi wa stovu unavyopandisha mafuta ya taa. Ua la barafu basi huweza kuwa na chumvi mara tatu ya ile ya bahari.

Ndani ya chumvi mna bromini. Mwanga wa jua husaidia kuiachilia hewani, ambako atomu moja huharibu molekuli ya ozoni, kisha hupata uhuru tena na kuishambulia nyingine. Kwa siku chache, pengine saa chache tu, ozoni iliyo karibu na barafu huisha. Bromini hiyo pia hugeuza mvuke wa zebaki kuwa sumu inayotua juu ya theluji.

Wanasayansi waliofanya kazi Alert, kaskazini mwa Kanada, walieleza uhusiano wa bromini na ozoni mwaka wa 1988. Baadaye maua yalilaumiwa sana, labda kwa kuwa yanavuta macho. Uchunguzi uliofuata umeelekeza kidole zaidi kwa theluji ya kawaida yenye chumvi.

Jambo hili si lile tundu la ozoni la Antaktika lililotangazwa mwaka wa 1985. Hilo liko juu sana, na lilisababishwa hasa na klorini ya gesi zilizotumiwa katika friji na mikebe ya kupuliza.

Ozoni ina sura mbili. Ya juu hukinga viumbe dhidi ya miale ya urujuanimno. Ya chini hukera koo na mapafu na kuwazidishia maradhi wenye pumu. Katika jiji kama Nairobi, hii ya pili huundwa jua linapopiga moshi wa matatu, mvuke wa petroli na moshi wa takataka zinazochomwa.

Lakini ndani ya chumba cha mabati chenye jiko la makaa, ozoni si adui mkuu. Kinachoua humo ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, pamoja na chembe ndogo za moshi zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu.

Ozoni nyingi ya juu huundwa katika anga ya tropiki, kisha hewa huisukuma polepole kuelekea ncha za dunia. Ndiyo sababu vipimo vya Nairobi vina thamani kwa mataifa ya mbali. Uswisi imeshirikiana na Kenya katika kazi hii, na mwaka wa 1998 kituo hicho kilikuwa miongoni mwa vya kwanza katika mtandao wa SHADOZ wa shirika la NASA.

Puto hubeba pampu ndogo inayovuta hewa na kuipitisha katika dawa ya iodini. Ozoni ikiingia, umeme hafifu hutokea na redio hutuma habari ardhini. Puto hupanda takriban mita 5 kwa sekunde hadi kilomita 30 hivi, kisha hupasuka. Moshi wa majiko ya Kibera na Kawangware hulipita katika dakika za mwanzo tu, na chombo hicho hakiupimi.