Majina ya Ukoo na Njia ya Damu

Tayarisheni kalamu na karatasi, maana leo tutaandika kidogo. Somo letu ni juu ya majina. Tutaona jinsi wataalamu wanavyoyatumia kujua ni watu gani wamekaa mahali pamoja miaka mingi wakioana wao kwa wao, na ni watu gani wamechanganyika na wageni.

Tuanze Uingereza. Huko kwa desturi mtoto hupewa jina la ukoo la baba yake, na jina hilo halibadiliki. Babu ni Darwin, baba ni Darwin, na mjukuu naye ni Darwin.

Charles Darwin, yule mtaalamu mashuhuri wa viumbe, alimwoa Emma Wedgwood mwaka 1839. Emma alikuwa binti wa mjomba wake. Walizaa watoto 10, na 3 kati yao walikufa wangali wadogo. Darwin akaingiwa na wasiwasi. Je, watoto wake walidhurika kwa sababu baba na mama yao walikuwa wa damu moja? Mwaka 1870 aliomba kwamba katika hesabu ya watu ya 1871 wenye ndoa waulizwe kama wameoana na binamu zao. Bunge lilikataa.

Basi mwanawe, George Darwin, akatafuta njia nyingine. Alichukua matangazo ya ndoa, akahesabu ni ndoa ngapi ambazo bwana na bibi walikuwa na jina moja la ukoo hata kabla ya kuoana.

Sasa shika kalamu. Andika binamu zako wa aina nne: mtoto wa baba mkubwa au baba mdogo, mtoto wa shangazi, mtoto wa mjomba, na mtoto wa mama mkubwa au mama mdogo. Kama kila mtoto huchukua jina la baba yake, ni yupi kati yao ambaye lazima awe na jina la ukoo kama lako? Ni yule wa kwanza peke yake. Wengine watatu wana baba wa ukoo mwingine. Kwa hiyo, ukiona ndoa 1 ya binamu wenye jina moja, kadiria kwamba ziko nyingine 3 zilizojificha. Ndoa ya wazazi wa George mwenyewe ilikuwa mojawapo ya zile zilizojificha, maana Darwin na Wedgwood ni majina mawili!

George alitoa hesabu yake mwaka 1875. Katika London alikadiria kwamba ndoa za binamu zilikuwa kama moja na nusu katika kila 100. Kwa makabaila zilikuwa kama nne na nusu. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Marekani, Crow na Mange, waliitengeneza njia hiyo ikawa kanuni kamili ya hesabu.

Kwa nini jambo hili lina uzito? Ndani ya mwili mna vinasaba, yaani maagizo madogo ambayo mtoto hurithi, nusu kwa baba na nusu kwa mama. Karibu kila mtu ana kasoro chache zilizofichika humo, wala hazimdhuru. Lakini mtoto akipata kasoro ile ile kwa baba na kwa mama, huweza kuugua. Watu wa damu moja huelekea kubeba kasoro moja. Kwa watoto wa binamu wa kwanza hatari hiyo huwa karibu mara mbili ya kawaida. Hata hivyo walio wengi huzaliwa wazima, wala asiwepo mtu wa kuwatisha jirani zake kwa somo hili.

Sasa twende Italia, katika bonde la mto Parma. Mto huu hutoka milimani na kushuka mpaka nchi tambarare. Tangu miaka ya 1950 mtaalamu Cavalli-Sforza, akisaidiwa na padri Antonio Moroni, alipima damu za watu wa huko na kusoma vitabu vya zamani vya makanisa, vyenye ndoa na vizazi. Vijiji vya tambarare vilifanana kwa damu. Vile vya milimani, ingawa vilikuwa karibu karibu, vilitofautiana sana!

Sababu yake ni bahati tu. Tia katika kibuyu maharage mekundu na meupe, sawa kwa sawa. Ukichota konzi kubwa, utapata rangi zote mbili karibu sawa. Ukichota manne tu, huenda yote yakawa mekundu. Kijiji kidogo kisichopata wageni ni kama kuchota maharage manne kila kizazi. Majina nayo hupotea vivyo hivyo, maana mwanamume mwenye mabinti watupu, jina lake huishia kwake.

Lakini jihadhari. Jina moja si lazima liwe damu moja. Smith maana yake mhunzi, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake. Mwaka 2000 Bryan Sykes wa Oxford alipima wanaume wenye jina lake, Sykes, ambalo asili yake ni sehemu za Yorkshire. Alitazama kromosomu Y, ambayo baba humpa mwana wa kiume tu. Karibu nusu yao walikuwa na alama moja, kana kwamba babu yao ni mmoja. Na wale wengine? Pengine babu zao walilelewa na ukoo huo, au walichukua jina la mama, au baba alikuwa mwingine.

Na kwetu je? Pwani, mwana wa Juma bin Ali ni Salimu bin Juma. Jina hubadilika kila kizazi, na hesabu ya George haifai. Kwa Baganda ukoo hufuata baba, ila watu wa ukoo mmoja ni mwiko kuoana. Uchagani jina la ukoo hubaki.

Kazi ya nyumbani: andika jina lako, la baba yako na la babu mzaa baba, na mahali alipozaliwa kila mmoja. Je, liko jina linalorudi mara zote tatu? Leta karatasi yako darasani, uilinganishe na za wenzako.