Daktari yuko jirani, mwanafunzi hafiki

Matokeo ya chuo siku hizi hayabandikwi ukutani. Mwanafunzi anayafungua kwenye simu, mara nyingi usiku, akiwa peke yake ndani ya neti katika geto alilopanga Rau, Soweto au Longuo, mjini Moshi. Zamani ukikuta una sapu tatu, yaani mitihani mitatu ya kurudia, mlikuwa wengi mbele ya ubao, mkitaniana kwa uchungu na kupeana moyo. Leo simu inakuonyesha wewe tu. Wiki ikipita mwanafunzi huyo haonekani darasani, wenzake wanasema jamaa kadata, kisha wanarudi kwenye madesa yao.

Kwa mji wa ukubwa wake, Moshi ina wasomi wengi. Kuna Chuo Kikuu cha Ushirika, kilichoanza kama Chuo cha Ushirika mwaka 1963 na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2014. Kuna Chuo Kikuu Katoliki cha Mwenge, na chuo cha udaktari cha KCMC kilichoanzishwa mwaka 1997. Ukipanda Kibosho hadi karibu na msitu wa mlima, unakuta Mweka, wanakosomea watu wa wanyamapori. Na mji huohuo una hospitali mbili kubwa zinazotibu magonjwa ya akili: Mawenzi, ya mkoa, iliyo katikati ya mji, na KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda iliyofunguliwa mwaka 1971. Bodaboda inakufikisha kwa muda mfupi. Wanafunzi wengi nchini hawana bahati hiyo.

Basi kwa nini wanafunzi wa Moshi hawafiki kwa daktari?

Sababu ya kwanza iko ndani ya vyuo vyenyewe. Katika vyuo vyetu vingi, mwenye shida huelekezwa kwa Mshauri wa Wanafunzi. Lakini ofisi hiyo ndiyo pia inayoshughulika na vyumba vya hosteli, ugomvi wa bwenini, mikopo, serikali ya wanafunzi na kesi za nidhamu. Aliyeitwa pale mwezi uliopita kwa kosa la kulewa ataurudiaje mlango uleule kueleza kwamba anakunywa kwa sababu halali usiku? Hata mshauri awe na moyo wa dhahabu, kiti chake kina kazi mbili zisizoelewana. Kijana analiona hilo haraka, naye anachagua kunyamaza.

Kwa wanafunzi wa udaktari fundo ni gumu zaidi. Bingwa wa magonjwa ya akili aliye karibu nao ndiye anayewafundisha, na kesho anaweza kuwasimamisha kando ya kitanda cha mgonjwa awaulize dalili za sonona. Wanazijua: huzuni au kukosa hamu ya chochote kwa wiki mbili au zaidi, usingizi kupotea au kuzidi, chakula kutopita, akili kushindwa kutulia, kujiona huna thamani. Wengine wanazijua kwa sababu wanazo. Ila kumwambia hivyo mtu atakayekusahihishia mtihani kunahitaji ujasiri ambao ugonjwa wenyewe umeshaula.

Halafu kuna mzaha wetu. Mtanzania akitaka kumcheka mwenzake humwambia atapelekwa Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyogeuzwa tusi la nchi nzima. Mzaha huo umewazuia wengi kwenda kliniki ambako wangetibiwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Sheria nayo haisaidii. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kwa hiyo familia iliyopatwa na msiba wa namna hiyo hutafuta maneno ya kufunika badala ya daktari. Majirani zetu wameanza kuondoka huko: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho katika sheria yao kinakiuka katiba. Wabunge wetu wanaweza kukifuta kifungu chetu bila kusubiri mahakama.

Shida ya fedha nayo imo, kama kawaida. Fedha ya chakula na malazi kwa wenye mkopo ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Boom, kama wanavyoiita fedha hiyo, ikichelewa, geto zima linakula mlo mmoja. Ikiingia, wako wanaoimega na kutuma nyumbani kwa wadogo zao. Asiye na mkopo kabisa anaishi kwa wenzake. Kijana wa kwanza kufika chuo katika ukoo hubeba michango ya watu wengi, na watu hao wana kumbukumbu. Desemba, Wachaga wanaporudi kwao mlimani, wenyewe husema kuhesabiwa, swali linalomsubiri uani ni moja: unamaliza lini? Ukidisco, yaani ukiondolewa chuoni kwa kufeli, utajibu nini mbele ya wajomba?

Wengi hukimbilia kwenye vikundi vya dini, na sitawabeza. Mara nyingi watu wa fellowship au msikitini ndio wa kwanza kugundua kwamba mwenzao hali wala halali. Kosa linaingia pale kiongozi anapomwambia aache dawa kwa kuwa ameombewa, wakati dawa nyingi za sonona zinahitaji wiki kadhaa kuanza kufanya kazi. Sala na kliniki zinaweza kwenda pamoja.

Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba dawa ya ukimya huu imeshajaribiwa hapahapa Moshi, kwa vijana wengine. Watafiti wa KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani walianzisha mpango uitwao Sauti ya Vijana kwa vijana wanaoishi na virusi vya UKIMWI waliokuwa wakihudhuria kliniki za KCMC na Mawenzi. Vikundi havikuongozwa na madaktari. Viliongozwa na vijana wenzao waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Vilikuwa na vikao kumi vya pamoja, vingine wakiwapo wazazi au walezi, na viwili vya mtu mmojammoja. Walijifunza kutuliza mwili, kuona jinsi wazo linavyozaa hisia na hisia ikazaa tendo, na kusimulia yaliyowaumiza mbele ya watu wasiowahukumu.

Mpango huo ulionyesha kwamba kijana wa Kilimanjaro huzungumza akipata wa rika lake aliyefunzwa kusikiliza, na kwamba huhitaji kujaza vyumba na mabingwa ili kuanza. Kenya, taasisi ya Shamiri imewatumia vijana waliotoka sekondari juzi tu kuongoza vikundi vya wanafunzi. Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda aliwafundisha mabibi wazee wa Harare kusikiliza wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati.

Kwa hiyo sioni kwa nini vyuo vya Moshi, vilivyo karibukaribu hivi, visichangie huduma moja ya pamoja: chumba kilicho nje ya jengo la utawala, mshauri asiyeketi kwenye kamati ya nidhamu wala kusahihisha mtihani wa yeyote, wanafunzi waliofunzwa kutoka kila chuo, na njia inayojulikana ya kuwapeleka Mawenzi au KCMC wanaohitaji daktari. Mwanafunzi wa udaktari angezungumza na mtu wa nje ya chuo chake, na wa Ushirika vivyo hivyo. Gharama ikigawanywa, hakuna chuo kitakachoelemewa. Wakuu wa vyuo wakae meza moja kabla ya mwaka mpya wa masomo.

Na wewe mwanafunzi unayesoma haya, usingoje kikao chao. Kama wiki mbili zimepita hulali, huli, au unafikiria kujidhuru, mwambie leo mtu mmoja unayemwamini akusindikize Mawenzi au KCMC. Mawazo ya kujidhuru yakikubana usiku, nenda usiku huohuo idara ya dharura, iko wazi. Muulize pia daktari kuhusu barua ya kuahirisha masomo: ugonjwa ni sababu inayokubalika, na sonona ni ugonjwa.