Je, wajua tagi ya begi lako imeandikwa nini?

Herufi tatu ndizo zinazoamua begi lako litalala wapi leo usiku. Tiketi uliyolipia haiamui, wala anwani uliyoandika kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa shangazi kaja, wala maelezo marefu uliyompa kijana wa kaunta kwamba unakwenda Muscat kwa mdogo wako. Zinazoamua ni herufi zilizochapwa kwa ukubwa kwenye ule ukanda wa karatasi unaozungushwa mpinini: DAR, MCT, DXB, LHR. Wapakiaji huzisoma kwa macho, mashine husoma mistari myeusi iliyo jirani nazo. Mwenye begi mara nyingi hazisomi kabisa. Anapewa kile kishina kidogo, anakibandika nyuma ya pasi ya kupandia ndege, anaondoka.

Kwa mtu wa Mwisenge, herufi hizo zina uzito wa pekee. Kata hii ya Manispaa ya Musoma inajulikana kwa shule ya msingi aliyoanza kusoma Julius Nyerere mwaka 1934, na jina lake hilo hilo ndilo ulilopewa uwanja mkuu wa ndege wa Dar es Salaam mwaka 2006. Kati ya shule na uwanja huo, hata hivyo, kuna safari ya vipande vipande. Musoma ina uwanja wake wa ndege, lakini kwa miaka mingi msafiri wa mbali amezoea kuanza na basi: stendi ya Bweri, Bunda, Lamadi, Magu, hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200. Hapo anapanda ndege ya Dar, na Dar anapanda nyingine ya kwenda nje. Vipande hivyo viwili vya angani hununuliwa mbalimbali kwa sababu ya bei. Cha Mwanza kwenda Dar unakikata kwenye simu siku nauli inaposhuka; cha Dar kwenda Muscat anakulipia ndugu aliyeko huko. Fedha imeokolewa, na kila mtu anafurahi mpaka pale begi linapowekwa kwenye mizani.

Tuiangalie tagi yenyewe kwanza, maana imebeba mengi. Ina urefu wa karibu nusu mita, na haikuchapwa kwa wino. Karatasi imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto, na mashine ya chini ya kaunta huichoma herufi kwa vijino vya moto vidogo sana. Ndani ya karatasi kuna utando wa plastiki. Jaribu kuichana kwa mkono utaona inavyokataa. Mistari ya msimbo pau imechapwa mara mbili, mmoja umesimama na mwingine umelala, ili begi lipite kwenye mkanda kwa ubavu au kwa mgongo na bado mwanga wa skana uikute mistari hiyo. Pembeni hubanduliwa vibandiko vidogo vyenye namba ile ile ambavyo mhudumu makini huvibandika kwenye mwili wa begi, ili tagi ikinyofoka njiani begi lisibaki bila jina. Begi lililoandikishwa katika uwanja wa Umoja wa Ulaya utalitambua kwa kingo za kijani za tagi yake, alama ya maofisa wa forodha.

Chini ya mistari kuna tarakimu kumi. Tuseme ni 0706123456. Ile sifuri ya mwanzo inasema hii ni tagi ya kawaida. Ingekuwa 2, begi hilo lingekuwa lililoachwa nyuma na sasa linakimbizwa bila mwenyewe. Tarakimu tatu zinazofuata ni za kampuni iliyoitoa: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 157 ni Qatar Airways, 176 ni Emirates. Sita za mwisho ni za begi lenyewe. Mistari haibebi jina lako wala safari yako, inabeba namba hiyo tu. Safari imo kwenye ujumbe ambao kompyuta ya kampuni huutuma kwa mitambo ya uwanja dakika ile ile tagi inapochapwa, kwamba begi namba fulani la abiria fulani linakwenda ndege fulani kisha fulani. Ujumbe usipotumwa, hata tagi iwe nzuri kiasi gani, begi likifika kwenye uwanja mkubwa wenye mitambo linakuwa la kutafutiwa mtu wa kulishughulikia.

Wazo la karatasi ya vipande viwili vinavyotenganishwa, kimoja kwa mzigo na kimoja kwa mwenyewe, lina hataza ya Juni 5, 1882, ya John Michael Lyons wa Moncton, Kanada. Yeye alifikiria treni. Ndege zilikuja kulirithi.

Sasa turudi kwenye mizani ya Mwanza. Mazungumzo huwa hivi, au karibu na hivi:

"Shikamoo mama. Unafika wapi?"

"Marahaba mwanangu. Muscat. Na begi langu naomba nilikute huko huko."

"Tiketi ninayoiona hapa inaishia Dar, mama."

"Ya Muscat si hii hapa kwenye simu?"

"Naiona mama, ila mashine haiioni."

Kijana hajafanya ukorofi. Kwa kompyuta iliyo mbele yake, huyu ni abiria wa Mwanza kwenda Dar, basi. Kondakta wa basi la Mwanza naye hawezi kukuahidi kwamba furushi lako litahamishiwa kwenye basi la kampuni nyingine la Dar kwa sababu tu una tiketi yake mfukoni. Ili begi lipite moja kwa moja, kampuni mbili ziwe zimetia saini makubaliano ya kupokeana mizigo, tena yawe makubaliano yanayosema nani atalipa begi likipotea. Precision Air na Kenya Airways, kwa mfano, zina uhusiano wa muda mrefu. Kenya Airways ilinunua hisa za Precision mwaka 2003, na tiketi moja inaweza kuunganisha ndege za zote mbili. Pasipo makubaliano, kuandika MCT, yaani Muscat, kwenye tagi ni kuandika ahadi ambayo mtu wa upande wa pili hajaisikia.

Wazee wa ziwani waliwahi kuona utaratibu mwepesi zaidi. Kuanzia 1948 reli na bandari za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya shirika moja, East African Railways and Harbours, na meli za Ziwa Victoria zilikuwa zake pia. Mzigo uliopakiwa melini Musoma, ukashushwa Kisumu na kupandishwa treni ya pwani, haukuwa umetoka mikononi mwa shirika hilo. Angani nako kulikuwa na East African Airways, mali ya nchi zote tatu, mpaka ilipokufa mwaka 1977, na mwaka huo huo Tanzania ikaanzisha Air Tanzania. Tangu hapo kila mmoja ana kaunta yake na kompyuta yake, na msafiri ndiye anayeziunganisha kwa miguu. Sidhani kama tulilifikiria begi siku zile tulipogawana ndege.

Makubaliano yakiwepo bado haijaisha. Tiketi mbili zenye namba mbili tofauti za nafasi ni safari mbili kwenye macho ya kompyuta, hata kama kampuni ni marafiki. Mhudumu anaweza kuiingiza ndege ya pili kwa mkono, na wapo wanaofanya hivyo ukimwonyesha tiketi ya pili mapema na foleni ikiwa fupi. Wengine wamekatazwa na kampuni zao. Muungano wa oneworld, ambao Qatar Airways imo, tangu 2016 hauzilazimishi tena kampuni zake kupitisha begi la abiria mwenye tiketi mbili. Sababu kubwa ni hesabu za hasara. Takwimu za SITA, kampuni inayohudumia viwanja kwa mifumo ya kompyuta, zinaonyesha kwamba mwaka 2023 mabegi 6.9 kwa kila abiria 1,000 yalichelewa, yakaharibika au yakapotea, na kati ya yaliyochelewa, asilimia 46 yalikwama wakati wa kuhamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine. Begi linalohama ndilo begi linalopotea. Kampuni isiyopata hata shilingi ya tiketi yako ya pili haina hamu ya kuibeba hatari hiyo.

Iko sababu nyingine, nzito zaidi. Juni 22, 1985, katika uwanja wa Vancouver, Kanada, mtu aliyejiandikisha kwa jina la M. Singh alikuwa na kiti kwenye ndege ya Canadian Pacific hadi Toronto. Kwenye ndege ya Air India ya kuendelea mbele hakuwa na kiti cha uhakika, alikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri. Alitaka begi lake liandikwe moja kwa moja hadi India. Mhudumu akakataa, kwa sababu ile ile ambayo kijana wa Mwanza angekataa: safari ya pili haijathibitishwa. Yule bwana akang'ang'ania, foleni nyuma yake ikawa ndefu, mhudumu akakubali, tagi ikafungwa. Mwenye begi hakupanda ndege. Begi lilihamishwa Toronto, na asubuhi ya Juni 23 ndege ya Air India namba 182 ililipuka juu ya Atlantiki karibu na Ireland. Watu 329 walikufa. Begi jingine lililoanzia Vancouver hiyo hiyo, lililokusudiwa kuhamishiwa ndege ya Air India mjini Tokyo, lililipuka likiwa bado uwanjani Narita na kuua wapakiaji wawili. Desemba 1988 ikaja Lockerbie, watu 270, na uchunguzi ukaonyesha tena begi lililosafiri bila mwenyewe. Kutokana na vifo hivyo ipo kanuni inayowaudhi abiria kila siku: mtu asipopanda ndege ya kimataifa, begi lake linatafutwa tumboni mwa ndege na kushushwa, hata kama wote wengine wataketi wakisubiri.

Kwa hiyo bibi wa Muscat atalipokea begi lake Dar, kwenye mkanda, kama mtu aliyefika mwisho wa safari. Atatoka nalo nje na kwenda jengo la tatu, lililofunguliwa mwaka 2019 kwa ajili ya safari za kimataifa, atapita ukaguzi wa usalama upya na kulipima upya. Mizani kuwa mbili kuna jambo lake. Tiketi moja ya Mwanza hadi Muscat kwa kawaida hufuata uzito unaoruhusiwa na safari ndefu, pengine vipande viwili vya kilo 23. Tiketi ya ndani peke yake mara nyingi inatoa kilo 23 tu, kwa hiyo unga, dagaa na vitenge ambavyo Muscat ingevipokea bure vinalipiwa Mwanza. Nauli uliyookoa inaanza kurudi ilikotoka. Na ndege ya Mwanza ikichelewa mpaka ile ya pili ikaondoka, kampuni ya pili itakuandika kuwa ni abiria ambaye hakutokea.

Safari ya kurudi ina sura yake. Hata ukiwa na tiketi moja kutoka nje hadi Mwanza, begi kwa kawaida unalichukua Dar, kwa sababu forodha inataka kuliona pale linapoingia nchini, kisha unalikabidhi tena. Marekani nayo kwa kawaida hufanya hivyo kwenye uwanja wa kwanza unaotua. Tena ukilikabidhi angalia herufi vizuri: Mwanza ni MWZ, na Musoma, umbali wa saa nne hivi kwa basi, ni MUZ. Skana haichanganyi. Jicho la mpakiaji aliye juani toka alfajiri ni jambo jingine.

Likipotea je? Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unaweka kikomo cha fidia, na tangu Desemba 28, 2024 kikomo hicho ni vizio 1,519 vya fedha ya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, takribani dola 2,000 kwa abiria. Begi lililoharibika ulilalamikie kwa maandishi ndani ya siku 7. Lililochelewa, ndani ya siku 21 tangu ulipolipata. Siku 21 zikipita tangu siku lilipopaswa kufika na bado halijaonekana, una haki ya kulidai kama limepotea. Mkataba huo unahusu safari za kimataifa. Mwanza hadi Dar ikiwa ndani ya tiketi moja ya Muscat, nayo inahesabiwa ni sehemu ya safari ya kimataifa, na unaweza kuidai kampuni ya kwanza, ya mwisho, au ile iliyolipoteza. Ikiwa tiketi yake iko peke yake, na kampuni haikujua habari za Muscat, ni safari ya ndani na inaangukia sheria za ndani. Kila kampuni itafungua kompyuta na kukuonyesha kwamba begi lilipoondoka kwake lilikuwa zima.

Utakachoombwa kwanza ni kile kishina ulichobandika nyuma ya pasi. Cha pili ni orodha ya vilivyomo, na hapo watu wa ziwani tunaumia kidogo. Kanuni za kampuni nyingi zinaviweka vyakula vinavyoharibika nje ya fidia, pamoja na fedha taslimu, vito na simu. Sanduku litalipwa, vitenge vitalipwa. Dagaa wa Musoma hawalipwi.