WEKUNDU WA MPUNGA NA RAMANI YA URITHI

Kila askari aliyewahi kukaguliwa silaha anaujua uadui wa kutu. Hewa ile ile tuivutayo hula chuma kisichopakwa mafuta. Ndani ya miili yetu mna uharibifu wa namna hiyo, na mimea imejaliwa kemikali za kuuzuia, ziitwazo antioksidanti. Katika mchele mwekundu, kemikali hizo ndizo zinazotia rangi utando wa pumba unaoizunguka punje.

Ili kupata asili yake, wataalamu huzalisha mpunga mwekundu na mweupe pamoja. Wajukuu wa mimea hiyo hutofautiana. Kila mmoja hupimwa kiasi cha kemikali katika punje zake, kisha hukaguliwa alama zilizotawanyika katika kromosomu 12 za mpunga. Alama inayoandamana daima na wingi wa kemikali huonyesha kuwa jeni inayosakwa iko jirani. Ndivyo doria ifuatavyo nyayo, ikiacha nchi nzima hadi kibaki kijiji kimoja.

Jeni iitwayo Rc ilipatikana katika kromosomu ya 7. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walieleza kwamba mchele mweupe tuliouzoea umepungukiwa herufi 14 tu za maandishi ya jeni hiyo. Upungufu huo umeinyamazisha. Mpunga wa asili ya Afrika Magharibi ulipata weupe kwa mabadiliko mengine ya jeni hiyo hiyo. Basi wakulima wa mabara mawili, pasipo kuonana, waliukataa wekundu. Hatuwalaumu: jeni hiyo pia huifanya mbegu ilale ardhini muda mrefu, ichipue ovyo baadaye.

Kwa ramani hiyo mtaalamu hupima jani la mche mchanga, akaijua rangi ya punje kabla ya mavuno.

Lakini kinu kikikoboa mchele hadi ung'ae, kazi yote ya maabara huishia katika chakula cha kuku. Mwaka 1883 meli ya kivita ya Japani, Ryujo, ilirejea kutoka safari ndefu ambamo mabaharia 169 waliugua beriberi na 25 wakafa. Chakula chao kikuu kilikuwa mchele mweupe. Walichokosa ni vitamini B1, si antioksidanti. Hata hivyo, nayo hukaa katika pumba.

Wapishi wetu wa mesi hunung'unika kwamba mchele wenye pumba huchelewa kuiva na hula kuni. Wasema kweli. Tena haukai sana ghalani, kwa kuwa mafuta ya pumba huchacha.